Ufunguo Shingoni

Lechipya hakuniita nirushe. Aliniita nishone.
Alikuja na duara kwenye karatasi ya hesabu,
tundu katikati, upepo upate kupumua:
"Shangazi, nataka kitambaa chepesi kisichochanika."
Hata mimi, nikamjibu, nakitafuta
tangu Bahi ipate cherehani.
Tukaishia kwenye kanga yangu ya zamani,
WALIOSEMA WAMECHOKA.
Nikaikata vipande sita.
Neno la kwanza likamezwa na pindo.

Mota ilikuja ndani ya boksi, na karatasi zake.
"Baruti hatupiki," alisema, "jiko ni la ugali."
Mwili aliuviringisha mwenyewe, karatasi juu ya gundi,
na mapezi matatu ya mbao
akayapiga msasa barazani kwa mama yake
mpaka kuku wakapiga chafya.

Kibali kilikuwa na mihuri miwili:
anga ya Bahi, Jumamosi,
saa tatu hadi saa nne na nusu, ni yetu.
Nilikisoma mara mbili.
Mimi sijawahi kumiliki hata kiwanja.

Mpunga umeshavunwa,
majaruba yamepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Sechelela ana ndoo za maji na mchanga,
Mahinyila kafunga tambara kwenye ufito, anausoma upepo.
Hatua mia mbili tulizipima kwa miguu yake mirefu
tusije tukajipunja.
Na mimi, ufunguo wa sanduku la kuwashia,
umefungwa kwenye utepe wangu wa kupimia.
"Ukiwa shingoni mwako," Lechipya alisema,
"mtu anaweza kuinama pale."

Kumi. Tisa. Nane.
Mbuzi.
Kumi na wanane, na kijana wao nyuma anapiga mluzi.
Tukangoja wapite. Mmoja alisimama kunya.

Kumi tena. Tisa. Hadi sifuri,
na sifuri ikawa sifuri kweli.
Roketi imesimama wima
kama mgeni aliyekataa kiti.
Watoto wakaanza kucheka,
na Lechipya, miezi minane hajalala vizuri,
akanyanyua mguu kuivuka kamba.

Simama, nikasema.
Nikachomoa ufunguo, nikaurudisha shingoni.
Dakika nzima. Ni kanuni yako, mwandiko wako.

Dakika naijua.
Ni pindo la mkono mmoja wa shati.
Ni sindano ndani ya ukucha
kwa sababu mteja alikuwa mlangoni.
Tambara lilinyanyuka, likalala.
Treni ya mizigo ilivuta mabehewa yake kuelekea Manyoni,
nikayahesabu, nikapotea kwenye ishirini na mbili.
Baba yake, kaka yangu,
alirudi kuichungulia baruti ya machimbo iliyochelewa.
Hilo halimo kwenye kanuni.
Lakini wino wake ulitoka humo.

Kisha akaenda, peke yake, taratibu,
mimi nimeushika ufunguo kwa ngumi.
Kibanio cha waya kilikuwa kimeachia. Vumbi tu.
Akarudi. Akatazama juu, kulia, kushoto,
akanitazama mimi.
Nikauingiza.

Sina maneno mengi ya kile kilichofuata.
Ilikuwepo, haikuwepo.
Mlio ulikuja nyuma ukiikimbiza
na haukuipata.
Sechelela alisema "Yesu!" kwa Kigogo na kwa Kiswahili.
Halafu kimya, na wote tumekunja shingo,
tunatafuta nukta kwenye mwanga mkali,
na mimi nazikumbuka nyuzi zangu moja moja:
ile ya tatu, niliirudia? Niliirudia.

Ikafunguka.
Nyekundu, nyeusi, duara kamili,
ikishuka kwa mwendo wa mama mjamzito,
na herufi zikigeuka polepole juu ya majaruba
mpaka Mahinyila akasoma kwa sauti:
WAMECHOKA.

Tulicheka hadi tukakaa chini.
Lechipya hakucheka. Alikuwa analia, mgongo kwetu,
na hakuvuka kamba mpaka nilipomwambia vuka.

Fundo bado lipo kwenye utepe, karibu na sentimita tisini.
Suruali ya mwalimu wiki ile
ilitoka pana kidogo.